Kofia Mkononi, Kilemba Kichwani

Juzi nimepata habari ya kufariki kwa mzee mmoja wa mtaa wa Hamriya hapa Maskati, karani wa zamani, tuliyetoka naye Unguja mwaka ule wa sitini na nne. Matangani kila aliyekaa karibu yangu alinambia marehemu alikuwa mnyenyekevu. Mungu amrehemu, lakini neno hilo mimi hulitilia shaka, na nyinyi wasomaji wangu mnanijua. Waingereza wana msemo wao, kumwendea mtu kofia mkononi, yaani kwenda kuomba umejishusha. Asili yake ni zama za mabwana wao na wakulima wao: mdogo akifika mbele ya mkubwa huvua kofia, akaishika tumboni mpaka aambiwe aseme. Marehemu alifunzwa adabu hiyo afisini Unguja, akaja nayo Maskati. Kila akiingia kwa bosi wake Mngereza, kofia mkononi. Sisi wageni, ambao hata kukaa kwetu mjini kulitaka ruhusa, tukimtazama tu. Nani anajua mle ndani akisema nini? Akija barazani, tukibadilisha mazungumzo.

Basi mama yangu akakwama Dubai, mgonjwa, anangoja ruhusa ya kuingia Maskati. Ilitakiwa adhaminiwe na mtu anayejulikana, na niliyempata ni yeye tu. Nikamwendea roho juu. Alikubali upesi, na upesi wake ukanizidishia wasiwasi. Tukaenda kwa mkubwa wa ruhusa, Mwarabu wa kale, baraza imejaa watu na vilemba vyao. Yule bwana kufika mlangoni tu akavua kofia, akasimama kichwa wazi kama yuko kwa Mngereza wake. Watu wote wakamgeukia. Kwao wao, mtu mzima kujifunua kichwa mbele ya mkubwa ni kumvunjia heshima. Tukaambiwa twende zetu. Njiani nikamwambia wazi kuwa kafanya makusudi, mama yangu asije.

Asubuhi yake akabisha hodi kwangu, kitambaa cha kilemba kakikunja kwapani. Mimi nilishajifunza kufunga kwa jirani. Yeye, mtu wa makamo na Kiingereza chake chote, hajui.

"Nifunge," alinambia. "Sijui mie, wala sikufunzwa."

Akakaa chini, akainamisha kichwa mbele ya mtu aliyemtukana jana. Mara ya kwanza kilifumuka, nikarudia. Tukarudi barazani, akasema mbele ya watu wote kuwa jana alikosea adabu ya nchi na leo amekuja tena. Ruhusa ikatoka.

Kama akipeleka maneno yetu kwa bosi wake, mpaka leo sijui, na sitomlia yamini. Wanaojishusha kwa wakubwa nnawaona kila siku, wana haja zao, na nnawaogopa. Lakini yule aliniinamia mimi, nisiye na cha kumpa, na mtu nadhani hupimwa hapo. Mama aliishi nami miaka mingi. Kila akimwona yule bwana anapita, akinambia, "Toka umwamkie." Nami nikitoka, na shaka zangu ninazo.