Vijiti Vyekundu kwenye Kioo cha Badria

Maabara yetu ya kuchunguza nyama, Buguruni, ina wataalamu sita. Watano ni walaji hodari wa kitimoto, na kati ya hao watano hakuna anayependa kumchunguza nguruwe. Wanasema harufu inawakera. Harufu ya rosti ya Beno, mfugaji anayetuuzia kitimoto, kila Ijumaa haijawahi kumkera mtu. Basi kila jipu, kila pafu lenye usaha, kila tezi iliyovimba kutoka machinjioni huishia kwenye meza ya Badria binti Uledi, mzaliwa wa Kariakoo, ambaye nyama hiyo hajawahi kuitia mdomoni.

Badria halalamiki. Anavaa glavu mbili, anapasua, anaotesha usaha kwenye visahani vya maabara, kisha anatutajia bakteria walioleta kila jipu: hawa waliingia kwenye mkia uliong'atwa na nguruwe mwenzake, wale waliingizwa na sindano chafu. Akirudi nyumbani ananawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yake inavyomwagiza. Udongo huo mama yake, Bi Mwanamkuu, anauweka kwenye kopo nyuma ya mlango, na majirani wanaambiwa binti anafanya kazi ya kompyuta. Kompyuta za siku hizi, bila shaka, ni chafu sana.

Jumatatu moja mkaguzi wa nyama alileta tezi za shingo za nguruwe watatu wa Beno. Ndani mlikuwa na vinundu vidogo vigumu, vinakwaruza kisu kama mchanga. Badria alipaka chembe zake kwenye kipande cha kioo, akatia rangi, akainamia hadubini. Vijiti vyekundu: jamii ya vimelea vya kifua kikuu.

Nguruwe kumi na wawili waliobaki katika zizi lile walikuwa wachinjwe Ijumaa, kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa bosi wetu, Eliasi, kabla ya harusi. Bila sahihi ya Eliasi ripoti haitoki, na bila ripoti mkaguzi hana cha kumzuilia Beno.

"Dada Badria," Eliasi alisema, akiirudisha karatasi, "andika majipu ya kawaida. Wakate shingo, watupe, nyama iende."

"Bosi, hili si la kukata na kutupa. Zizi zima lisimamishwe."

"Sasa Mwislamu akisema nguruwe ana ugonjwa, hiyo nayo ni habari? Watu watasema umetumwa na msikiti."

"Ustadha," mwenzetu mmoja akadakia, "wiki ijayo utatuonyesha vijiti kwenye bia!"

Tulicheka. Na mimi nilicheka, na hadi leo sioni nilichekea nini.

"Basi aseme anayekula," Badria alijibu. "Njoo uangalie mwenyewe."

Eliasi, mwenye shahada mbili za magonjwa ya mifugo, ghafla hakuwa na macho. Jumanne alisahau miwani. Jumatano miwani ilikuwepo, ila simu haikukatika. Badria alikiacha kioo pale pale chini ya hadubini, akaifunika kwa kitambaa, akabandika karatasi: *Ya Bosi*. Hakuna aliyethubutu kuigusa.

Alhamisi mchana alimfuata ofisini.

"Wageni wangapi, bosi?"

"Mia tatu."

"Na mama yako?"

"Meza ya mbele. Kwa nini?"

"Akiniuliza siku moja, nimwambie ulikataa kuangalia?"

Eliasi alinyanyuka. Aliondoa kitambaa, akainama, akazungusha kigurudumu cha kulenga picha, akazungusha tena. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Hivi vyote?"

"Na hapo ni kona moja tu."

Aliitia ripoti sahihi akiwa amesimama, kisha akapiga simu.

"Beno, ndugu yangu, wale nguruwe waache. Kuku unao?"

Sauti ya Beno tuliisikia sote. "Kuku? Mzee, umeshasilimishwa na yule dada wa maabara?"

Wenzetu walisubiri acheke.

"Hapana," Eliasi alisema. "Nimeangalia mwenyewe."