Springi za Gari la Shemasi

Siku yangu ya kwanza kazini, verkmästare, yaani mkuu wa karakana, hakunipa spana. Alisimamisha springi mbili za koili sakafuni akaniambia nipande juu ya ile ninayoiona ngumu zaidi. Nikapanda ile ndefu yenye mizunguko mingi, kwa sababu ilikuwa na chuma kingi. Ikabonyea chini yangu kama godoro.

"Shuka," akasema. "Mizunguko mingi maana yake ni waya mrefu, na waya mrefu hukubali kupinda. Ugumu unatoka kwenye unene wa waya na uchache wa mizunguko. Macho yako yanapenda chuma, Sule. Mimi napenda namba."

Jina langu ni Selemani, lakini mkuu alilikata siku hiyo na likabaki hivyo mpaka nilipoacha kazi.

Karakana ilikuwa eneo la viwanda, mwendo wa kutembea kutoka kituo cha treni cha Skärholmen. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa watu wanne, na kazi yetu ilikuwa magari ya zamani ya Kimarekani, yale ya milango miwili yenye injini kubwa za silinda nane. Waswidi wanayapenda kupita kiasi. Huyafungia gereji miezi yote ya baridi, theluji ikiisha wanayatoa na kuzunguka nayo polepole mjini, vioo wazi, hata kama bado kuna baridi. Mtu anaongeza nguvu ya injini, anabadilisha breki, kisha anagundua kwamba gari linakwenda mbele vizuri sana ila kwenye kona linalala kama mtu mwenye usingizi. Hapo ndipo anapokuja kwetu.

Mimi nilitokea Mwanza na cheti cha kidato cha nne. Nilipitia Kigoma na Nairobi kabla ya kupanga chumba Rågsved, si mbali na karakana, na kila mji niliuacha siku nilipoanza kuuzoea. Mwanza nilijifunza kwa fundi wa magari ya mizigo. Gari likiingia, kabla hata salamu hazijaisha, alikuwa ameshauliza: "Linabeba nini?" Akiambiwa mkaa, anaongeza jani moja, yaani bapa moja la chuma, kwenye springi za nyuma. Akiambiwa saruji, anaongeza mawili. Kwa hiyo siku ileile ya kwanza, mkuu aliponionyesha gari jekundu lililokuwa juu ya jeki, nikauliza kwa Kiswidi changu cha kuokoteza: "Hili linabeba nini?"

Karakana nzima ikacheka.

"Linambeba mwenyewe," mkuu akasema, "na kiburi chake."

Sikuuliza tena.

Mwaka wa kwanza nilikaa kwenye benchi la springi. Kazi yangu ilikuwa kufinya springi kwenye mashine na kuandika: kilo ngapi zinaishusha sentimita moja, ngapi zinaishusha ya pili. Mwaka wa pili nikahamishiwa kwenye shimo, chini ya magari, na huko nikaijua stabilaiza. Hii ni nondo iliyopinda inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likikata kona, upande wa nje unazama na wa ndani unainuka, nondo inajisokota na kukataa, na gari linabaki limesimama sawa. Gari likipita tuta kwa magurudumu yote mawili pamoja, nondo haisemi kitu. Ndiyo maana wateja waliipenda: inapunguza kulala bila kuumiza mgongo.

Lakini ina hila yake. Ukitoka nondo ya milimita kumi na tisa kwenda ishirini na mbili, unaona umeongeza milimita tatu tu, kumbe ugumu umekaribia mara mbili. Na ukikaza mbele kupita nyuma, gari linagoma kugeuka, linaendelea mbele kuelekea mtaroni. Ukikaza nyuma kupita mbele, mkia ndio unaotaka kutangulia. Msimamizi wa shimo, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu hata kiangazi, alikuwa akiniambia: "Mbele ikikosea, dereva anaona anachokwenda kugonga. Nyuma ikikosea, hata hilo haoni."

Mwaka wa tatu nilipelekwa kwenye mizani. Zilikuwa nne, ndogo, bapa, moja chini ya kila gurudumu. Tulimpima mteja akiwa ameketi nyuma ya usukani, tangi la mafuta nusu, tukapata uzito wa kila kona, na kutoka hapo tukachagua springi. Nilizipenda namba zile. Nilijiona nimeiacha Mwanza nyuma kabisa.

Mteja wangu wa kwanza niliyekabidhiwa peke yangu alikuwa Shemasi Mugisho. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, dereva wa basi la mjini, shemasi katika kanisa lao dogo, mkazi wa Fisksätra. Tulijuana kwa sababu ya lugha tu, lakini ugeni hukaza undugu. Mimi Mwislamu nilikuwa nimeshakula kwake Jumapili nyingi. Alikuwa amenunua gari la buluu kwa dereva mwenzake, na waumini walinong'ona kwamba injini ya shemasi inaimba kuliko kwaya.

"Nataka ikae chini, ndugu fundi," alisema. "Chini kabisa. Na kwa kona isilale."

Mkuu alisimama pembeni. "Hili ni lako, Sule," akasema. "Ukilimaliza vizuri, meza ya springi ni yako." Meza hiyo ndiko mtu alikoketi na kuchagua kwa ajili ya karakana nzima, badala ya kutumwa.

Nikampima shemasi nyuma ya usukani. Nyuma nikafunga springi za majani laini kidogo, zilizoshushwa, na kufidia ulaini huo kwa stabilaiza nene. Nilipolijaribu, lilikata kona kama kisu kwenye siagi. Shemasi alilizungusha mara mbili kwenye eneo la viwanda, akashuka akicheka peke yake.

Alirudi mwezi wa kumi, kwa upole, na rimu moja imepinda.

"Nyooshea miye hii, ndugu. Mvua, na majani ya miti kwa barabara. Tulikuwa tunaenda kanisani, kwa ile kona ya karibu na reli, shetani akageuza motokari yote. Tukajikuta tunaangalia kule tulitoka! Mama aliita Yesu, batoto balilia, mimi nilikamata volani kwa mikono mbili, motokari haisikii. Bon. Hakuna mtu aliumia. Mungu iko."

"Mlikuwa wangapi?"

"Bote! Mimi, mama, batoto batatu. Na spika mbili za kwaya kwa buti, na ampli, na sufuria ya sombe. Sombe, ile nyinyi munaita kisamvu, ndiyo ilimwagika. Buti yote inanuka mpaka leo."

Akacheka. Mimi sikuweza. Nikaingia shimoni na taa.

Juu ya ekseli ya nyuma kuna kipande cha mpira ambacho springi ikiishiwa nafasi, ekseli hugota hapo. Ule wa upande wa kulia ulikuwa umepondeka, na chuma kilichougusa kimeng'aa. Hapo nikaelewa yote. Kwa watu watano na buti lililojaa, gari langu zuri lilikuwa limebakiwa na vidole viwili tu vya nafasi. Kwenye kona springi iliisha, ekseli ikagota, na upande wa nyuma, uliokuwa tayari mgumu kwa ile nondo nene, ukawa mgumu kama jiwe. Tairi zikaachia. Majani ya miti hayakuwa na kosa.

Hakuna mwingine aliyejua. Shemasi alikuwa juu yangu akiongea na msimamizi wa shimo habari za mvua. Ningeweza kunyoosha rimu, kubadilisha mpira, nikasema endesha taratibu. Meza ya springi ilikuwa bado hatua kumi kutoka nilipokuwa. Lakini Jumapili ilikuwa keshokutwa, na nilijua nani anakaa wapi ndani ya gari lile. Yule mdogo hukaa katikati, mguu juu ya mguu wa dada yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasaidia kupakia zile spika.

Nikatoka shimoni nikamwambia mkuu, shemasi akisikia, kwanza kwa Kiswidi kisha kwa Kiswahili. Kwamba kosa ni langu. Kwamba gari lisiondoke.

Shemasi akanigeukia. "Kumbe shetani alikuwa Mtanzania," akasema, lakini mkono wake ulikuwa begani mwangu.

Mkuu akaniuliza. "Ulimpima nani?"

"Yeye."

"Na Jumapili wanapanda kina nani?"

Nikawataja wote watano, na mizigo yao. Akasema: "Basi walete wote."

Jumamosi wakaja wote kwa treni na basi, na mizigo yao. Tukaliweka gari juu ya mizani. Tukapakia spika, ampli, na sufuria iliyojazwa maji badala ya sombe. Watoto wakaingia. Mama Furaha, mke wa shemasi, akabaki amesimama, mkoba kifuani.

"We ndugu, utasoma kilo zangu mbele ya huyu Mzungu?"

"Mizani inapima kona za gari, mama. Haipimi watu."

"Nikiingia kona inaongezeka, nikitoka inapungua. Hiyo iliyopungua ni ya nani?"

"Mama, ingia," shemasi akasema. "Mungu anazijua tayari."

"Mungu haandiki kwa karatasi ya karakana."

Mkuu akauliza anasema nini. Nikamtafsiria. Akageuka akaelekea ukutani, akasimama hapo kama askari, mgongo kwetu, mpaka Mama Furaha alipoketi na kufunga mlango. Kisha Furaha, binti yao mkubwa, akachungulia dirishani akasoma kwenye mizani namba zote nne kwa Kiswidi, kwa sauti ya darasani, karakana nzima ikasikia. Mama yake akamfinya, na gari lote likatikisika kwa kicheko juu ya mizani.

Nilifunga springi nyingine za nyuma, zenye jani nene la chini lisilofanya kazi gari likiwa tupu. Mzigo ukija, majani ya juu yanashuka, yanalikuta, nalo linapokea. Ni springi ya Mwanza kabisa. Stabilaiza nene nikaitoa, nikaweka nyembamba. Gari likainuka vidole vitatu, na shemasi akalitazama kwa huzuni kama mtu aliyenyolewa vibaya. Jumapili nilipanda naye, nikiwa nimebanwa kati ya ubavu wa gari na watoto, mvua inanyesha. Kwenye ile kona ya reli watoto wakashikana mikono. Gari likainama kidogo, likashika, likapita. Mama Furaha akaanza wimbo.

Meza ya springi sikupewa mwaka huo. Mkuu alisema nisubiri mwaka mwingine, nami niliona ni haki. Ila Jumatatu nilipofika nilikuta ameichukua karatasi yetu ya kazi, ile yenye nafasi ya jina, aina ya gari na kimo, na juu kabisa, kabla ya jina, ameongeza mstari kwa mkono wake: Linabeba nini? Sikumkumbusha kwamba siku ile ya kwanza walinicheka. Karatasi zilizochapwa baadaye zilitoka na mstari huo.

Niliacha kazi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Bega lilikataa kuinua mikono juu ya kichwa, na fundi wa shimo asiyeinua mikono hana kazi shimoni. Vijana huniuliza springi ipi ni bora. Nawajibu kwamba swali halijakamilika, na wengi huondoka hawajaridhika.

Mwaka jana nilipeleka gari langu la van karakana ile, kwa ajili ya springi za nyuma. Mkuu alishastaafu, na msimamizi wa shimo pia. Alinipokea fundi mwanamke nisiyemjua, kalamu sikioni. Akachukua karatasi, na kabla ya kuniuliza jina, akauliza kwa Kiswidi:

"Linabeba nini?"

Nilikuwa nimekabidhi funguo za nyumba asubuhi hiyo. Kitanda, vyombo, sanduku la spana, vyote vilikuwa nyuma ya van, na barabara ya kusini ilikuwa inanisubiri.

"Kila nilicho nacho," nikasema.

Hakucheka. Akaandika, kisha akaenda kuleta mizani.