Ndizi za Kaburi la Babu

Juzi nilisimama Kanduyi kununua ndizi. Mama muuzaji akaniuliza, "Za kuiva ama za kupika, madam?" na mimi nikashindwa kujibu kwa kicheko. Alinitazama kwa huruma, pengine akidhani jua la Bungoma limenipanda kichwani. Ningemweleza nini? Kwamba babu yangu alikula ndizi zilizoota juu ya kaburi lake mwenyewe miaka mingi kabla muuzaji huyo hajazaliwa? Wewe angalau una subira, rafiki yangu. Keti nikusimulie.

Babu alichukuliwa kwenda vita vya Burma akiwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao mazito, yeye hakuonekana. Mmoja wao akasema alimwona akianguka msituni. Wazee wa ukoo wakangoja hadi wakachoka. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, mgomba huzikwa badala yake ili roho ipate pa kutulia. Basi wakachimba kaburi nyuma ya nyumba yake, si mbali na hapo Kanduyi, wakalaza mgomba, wakafukia, wakalia. Kosa lao lilikuwa moja tu. Katika haraka yao hawakukata shina. Waling'oa mgomba mzima, na mizizi yake. Na mgomba wenye mizizi hata uulilie namna gani, umeupanda.

Babu alirudi baadaye akichechemea, baada ya kulazwa muda mrefu hospitali za huko ng'ambo. Alikuta kaburi lake limeshaota migomba, mmoja una mkungu.

Wazee walimchinjia kondoo wakamkaribisha, lakini kwa shingo upande. Walishikilia kwamba mtu aliyeliliwa ni wa upande wa pili. Ale, alale, alime, ila asiketi barazani na wazee wala asibariki mtoto wa mtu. Babu hakugombana nao. Alimchukua Nyanya wakahamia mahali paitwapo Kwanza, upande wa Kitale, akafanya kazi katika shamba la mzungu, na baada ya uhuru akapata kipande chake cha ardhi. Huko ndiko mimi na kaka yangu tulikolelewa, kwa sababu baba na mama walikuwa na kazi Kitale mjini.

Sijaona mwanamume aliyependa wajukuu kama yule. Asubuhi za Kwanza zilikuwa za baridi kali, ukungu umelala juu ya mahindi, na kabla jogoo hajamaliza kuwika tulisikia, "Gwaride!" Tulijipanga mlangoni akatukagua kucha, masikio na shingo, kisha akatupa kila mmoja kiazi cha moto cha kuweka mfukoni njiani kwenda shule. Homa iliponishika alinifunga mgongoni kwa leso ya Nyanya, akaendesha baiskeli hadi Kitale huku akiniimbia nyimbo za jeshi zisizofaa masikio ya mtoto. Wakati wa kupura mahindi alikuwa na fimbo mbili, moja ya kupigia magunzi na moja ya kututishia, na hiyo ya pili haikuwahi kumgusa mtu.

Ndizi za lile kaburi la Bungoma zilipokomaa alipanda baiskeli yake akazifuata. Alirudi na mkungu mzima kwenye keria, jasho likimtiririka, uso wote meno. Nyanya alikuwa akimtazama tu.

"Sufuria yangu haipiki kaburi," alisema.

Babu alicheka, akawasha moto wake nje, akazipika katika kibati chake cha jeshi chenye mkono wa kukunjwa. Tulizila pale pale na chumvi, zikinuka moshi, tukiunguza ndimi. Alipenda kusema, "Risasi ilinikosa, kaburi likanikosa. Njaa nayo itanipatia wapi?"

Siku moja nilimuuliza Nyanya kama anaogopa. Alikuwa akichambua mboga, hata hakuinua macho. "Niogope ndizi mimi? Nitazipika siku wale waliozika watakaa chini wazile."

Kisha ukafika mwaka wa tohara, na zamu ya kaka yangu, mjukuu wa kwanza wa Babu. Tohara ya kwetu hufanyika kwenye boma la asili, kwa hiyo sote tulirudi Bungoma. Kaka alizunguka na njuga zake akialika jamaa, sauti ikamkauka. Babu alinunua koti. Kabla kijana hajasimama mbele ya kisu, mzee wa boma humpulizia busaa, pombe yetu ya nafaka, kifuani na kumpa maneno ya kumtia nguvu, na Babu alikuwa amefanya mazoezi ya maneno hayo mwezi mzima, akiwahutubia ng'ombe.

Mchana wa mkesha wazee wakamwita. Mdogo wake Babu ndiye aliyepewa kazi ya kusema.

"Mzee, si ati tunakukataa, bana. Lakini wewe tulishakulilia. Ukisimama mbele ya kijana, kijana atatetemeka, na hiyo aibu itakuwa ya nani? Wacha nibariki mimi."

Babu alisema, "Sawa." Hilo tu. Alivua koti jipya, akalikunja vizuri kijeshi, akalipakata. Mimi nilikuwa nikipita na maji ya kunawa, nikauona mdomo wake ukitetemeka. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo.

Nyanya aliona pia. Aliingia jikoni, akatoka na panga, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alinipaka mafuta mikononi nisishikwe na utomvu.

"Menya," akaniambia. "Na mdomo ufunge."

Alizipika kwa sufuria yake kubwa, kwa vitunguu na samli na mchuzi wa kuku, hadi zikalainika. Wazee walikula, rafiki yangu! Walikula hadi wakalegeza mikanda. Mdogo wake Babu, kwa kuwa ndiye aliyefanywa mkubwa wa siku, alikuwa amepewa firigisi ya kuku, akaiweka kando ya sahani aimalizie. Akamsifu Nyanya: ndizi kama hizi hajawahi kula tangu azaliwe.

Nyanya akapanguza mikono. "Hizo ndizi nimekata hapo nyuma. Pale mlipomzika mzee wangu."

Vijiko vilisimama. Mzee mmoja alishika koo.

"Sasa mnichagulie," Nyanya akaendelea, sauti yake tulivu kabisa. "Kama pale ni kaburi, nyinyi wote mmekula maiti, na kesho hakuna hata mmoja wenu atasimama mbele ya mtoto. Kama si kaburi, huyu mzee hajawahi kufa. Mimi mlitaka kuninyoa nywele za ujane, nikakataa. Kaburi bila mjane ni shimo la kupanda ndizi tu."

Mdogo wake Babu aliangalia sahani yake. Halafu akainua ile firigisi kwa vidole viwili, akavuka baraza, akaiweka kwenye sahani ya kaka yake, kwa mkubwa wa boma.

"Kula, mzee," akasema. "Baridi itaiharibu."

Alfajiri Babu alivaa koti lake. Alipuliza busaa kifuani pa kaka yangu na kusema maneno yote, hata yale ya ng'ombe, kwa sauti iliyofika barabarani. Kaka hakupepesa jicho. Vigelegele vya Nyanya vilivyopanda, ninavisikia hadi sasa.

Babu aliishi hadi akapita miaka mia. Aliwazika wote waliomzika, akaketi barazani hadi hapakuwa na wa kuketi naye. Nyanya alimtangulia. Mwaka huu naye akaenda, usingizini, na tukamlaza kando ya migomba yake, safari hii yeye mwenyewe. Siku hizi chakula cha matanga huletwa na gari, wali na soda, chini ya hema la kukodi. Busaa hakuna, na nyumba za kupanga zimefika hadi uani. Lakini migomba ipo, na sufuria ya Nyanya ninayo mimi.

Tulipotoka kaburini nilizipika kama alivyozipika. Vijana wa mjini wakazila, na mimi nikangoja wamalize ndipo nikawaambia zimetoka wapi.

"Ai, auntie! Ati kaburi?" mmoja wao akamaka. Mjukuu wangu mdogo alitazama sahani tupu, akanitazama mimi, akafikiri.

"Zimebaki?" akauliza.