Beseni Upande wa Kushoto

Sifa ni kwa Mungu aliyeweka moto chini ya ardhi na maji juu yake, akatupa sisi tuliozeeka mahali pa kukandia magoti.

Kanisani kwetu Kisumu, kabla ya Meza ya Bwana, tunatawadhana miguu, wanaume chumba chao na wanawake chao. Unaoshwa, kisha unamwosha aliyekuosha. Mke wangu alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilegea, akaacha kuingia chumba hicho. Na kwa kuwa hakutawadhana, hakugusa mkate wala kikombe. Mara tatu Meza iliandaliwa, mara tatu akabaki kwenye benchi la nyuma, mkono umefunikwa kwa leso. Nilipomsihi alinijibu mara moja tu: "Siwezi kuoshwa kama mtoto, halafu nimwache mwenzangu na vumbi lake." Sikumsihi tena. Niliomba, nikangoja.

Binti yetu alikuwa amesikia kwamba maji ya moto kwenye milima ya Homa huvirudishia viungo nguvu. Akatupakia garini pamoja na mjukuu wetu wa kike. Tukakata kona Katito, tukapita Kendu Bay, tukasimama kidogo kwenye ziwa la Simbi, lile lililojaa ndani ya shimo la volkano. Mjukuu alianza kuhesabu flamingo mpaka wakaruka, wakamvurugia hesabu.

Kwenye chemchemi maji yalikuwa yakitokota kati ya mawe na mvuke ukinuka kama kiberiti. Binti na mjukuu wakapanda kilima. Sisi wawili tukabaki chini, kwenye mfereji ambako maji yamepoa kiasi cha kuvumilika. Mke wangu alitia miguu, akafumba macho. Mimi nilikuwa na mayai sita mfukoni, nikitaka kuyachemsha pale juu maji yanapotokea. Alinionya nipite kwenye mawe, maana ule udongo mweupe ambao ng'ombe huja kuulamba kwa chumvi yake si mgumu kama unavyoonekana. Nikamwambia nimelima mpunga miaka yote hiyo, matope hayanitishi. Hatua ya tatu nikazama mpaka magotini.

Nilitoka na kiatu kimoja na mayai mawili. Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mzee, ng'ombe wakija leo watakulamba wewe."

Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu augue.

Nikaketi kando yake. Mgongo wangu hauinami siku hizi, na binti alikuwa mbali kilimani. Nikasema nitamngoja ashuke anioshe matope. Mke wangu aliniangalia, kisha akauvuta mguu wangu kwa mkono wa kushoto, akautia majini. Alisugua polepole, kidole baada ya kidole. Mkono wa kulia aliulaza juu ya mguu wangu, ukatulia pale. Nilijua kinachotendeka, nikaogopa kukitaja. Alipomaliza wa pili, aliinua wa kwake, akauweka pajani mwangu, akanichotea maji kwa kikombe cha chai. Mguu wake ulikuwa safi tayari. Nikauosha.

Hatukulizungumza jambo hilo mpaka Katito, binti aliposhuka kununua ndizi. Hapo mke wangu akasema, akiwa bado anatazama nje ya dirisha, "Mwambie shemasi aniwekee beseni upande wa kushoto."

Meza ilipoandaliwa tena, miguu yangu ilikuwa mikononi mwa ndugu mmoja na masikio yangu yalikuwa chumba cha pili. Wanawake walitoka mmoja mmoja, nikawa naangalia mlango. Yeye alitoka wa mwisho, mkono wa kushoto wa gauni lake umelowa mpaka kwenye kiwiko. Akaja akaketi karibu nami. Mkate ulipotufikia, aliumega.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kukuosha miguu bila haraka. Na akuachie mkono, hata ukiwa mmoja, wa kumwosha naye.