Shimo Langu la Ndizi Si Stoo ya Mvinyo

Kwetu Nkubu kahawa ni ya mwanamume na ndizi ni za mwanamke. Hilo halijaandikwa mahali, lakini hata mlevi analijua. Kiambi, mume wangu, analijua pia. Ndiyo maana nasema alichofanya alikifanya kwa makusudi.

Huyu Kiambi alikuwa weita katika hoteli ya watalii tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe. Aliwamiminia wageni mvinyo akiwa amesimama, kitambaa mkononi, na hakuna siku aliyoambiwa keti nawe unywe. Walimfundisha kunusa tu, asije akawapelekea chupa iliyoharibika. Alipostaafu wakampa chupa kadhaa na saa ya ukutani. Saa ilikufa. Chupa akazifanya watoto.

Si mlevi, nisimsingizie. Huzipangusa, huzilaza, na Krismasi hufungua moja tukala nayo nyama. Mimi naona ni kama maji ya zambarau yaliyokasirika. Lakini nilinyamaza, kila mtu na wazimu wake. Nilinyamaza mpaka aliposhika shimo langu.

Shimo hilo nililichimba mwenyewe nyuma ya jikoni, nikiwa na mimba ya mwanangu Kinoti. Humo ndimo ninamoivishia ndizi. Natandika majani makavu, napanga mikungu, nafunika kwa majani na udongo, halafu nawasha moto kwenye tundu la kando ili moshi uingie polepole. Ndizi zangu huiva mpaka katikati. Ulizeni soko lote la Nkubu. Mwenye harusi hanunui kwingine.

Majuzi nilienda Gachoka kumwona dada yangu mgonjwa, nikalala huko siku kadhaa. Kurudi, nikamkuta Felicitas, jirani yangu, amekaa uani na mikungu mibichi. Jumamosi ilikuwa ruracio ya binti yake, wakwe waje na mahari, wale, washibe. Nikaenda shimoni. Nikakuta mlango! Mlango wa mbao, bawaba mpya zinang'aa. Tundu la moshi limezibwa kwa saruji. Ndani rafu, na chupa zimelala kama wafalme. Mwenyewe hayupo, ameenda Embu kununua zingine kwa hoteli iliyofungwa inayouza vitu vyake.

Felicitas akashika kichwa. "Mama Kinoti, nimeita ukoo mzima. Nitawapa ndizi mbichi watafune kama ng'ombe?"

"Watakula ndizi mbivu, ama mimi si mimi."

Nikachukua sururu nikabomoa ile saruji. Chupa nikazitoa moja moja, sikuvunja hata moja, asije akapata la kusema. Nikazilaza kitandani, upande wake. Rafu nikazipasua kuni. Ndizi zikaingia, moto ukawashwa.

Jioni pikapu ikaingia, Kiambi amekaa mbele na sanduku mapajani. Akaona moshi.

"Mama Kinoti! Moshi ni wa nini?"

"Wa ndizi. Ulidhani ni uvumba?"

"Na chupa zangu?"

"Ziko kitandani. Nimezifunika blanketi, zisishikwe na homa."

Mutugi, dereva aliyetoka naye Embu, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Kiambi hakucheka. Akatoa chupa moja kwenye sanduku, akainyanyua kwa mikono miwili. "Unaona mwaka huu ulioandikwa hapa? Ni mwaka niliokuoa. Mvinyo mchanga ninao tele, wa zamani sikuwa nao. Stoo bila chupa za zamani ni kama baraza la wazee lenye vijana watupu. Na hizi zinataka mahali penye baridi, chini ya ardhi."

"Kama ni ya mwaka ulionioa, basi tumezeeka pamoja. Na mimi bado silali shimoni."

"Mama, hapo umemmaliza mzee," Mutugi akasema.

"Wewe nyamaza, shusha masanduku uende," Kiambi akamfokea.

Akanigeukia mimi, akaanza kupaza sauti. Nikamwuliza jambo moja tu: kwa nini hukuniambia?

"Ungekataa."

"Basi ulijua."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda zaidi. Mtu akikosea kwa kutojua nitamsamehe. Huyu alingoja nipande gari.

"Chimba kwa kahawa yako," nikamwambia.

"Kahawa ya baba yangu siwezi kugusa."

Kumbe kahawa ya baba haiguswi, shimo la mke linaguswa! Usiku ule alizitoa chupa kitandani moja moja ndipo akapata pa kulala. Jumamosi wakwe walikula ndizi, wakauliza ziliivishwa na nani. Kiambi hakwenda. Alibaki akihamisha masanduku kutoka dirisha hili hadi lile, akikimbia jua, maana nyumba yetu ni ya mabati na mchana inachoma.

Jumatatu nikasikia shoka. Nikatoka. Alikuwa kwenye kahawa. Huyu ambaye hakuniruhusu hata kupanda maharagwe katikati ya mistari yake, alikuwa ameangusha miti ya mwisho karibu na ua, ile ile ya baba yake, na anachimba. Anachimba kidogo, anaegemea jembe, anahema.

"Mama Kinoti, nisaidie hata kwa ndoo."

"Ndoo iko pale."

Sikuishika. Nilipika ndizi na njahi, maharagwe yetu meusi, nikampelekea, nikaweka sahani juu ya kisiki cha kahawa, nikarudi jikoni. Akimaliza kula, arudishe sahani mwenyewe.