Supu ya Spana

“Supu ni injini tu! Nipeni mifupa, maji na moto, mgonjwa atainuka kitandani aulize kazi ziko wapi.”

Hayo aliyasema Spana, fundi wa magari, mbele ya ukoo mzima wa mkewe, mdomo umejaa nyama iliyopikwa na mtu mwingine. Ukoo ulicheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alimkagua mkwewe kama mtu anayekagua gari kuukuu lililopakwa rangi mpya.

Sasa mama mkwe huyohuyo alikuwa amelala kwenye kochi la Spana, ametoka kung'olewa magego, shavu limevimba kama mpira wa watoto. Tangu jana hajatia kitu tumboni. Mke wa Spana, muuguzi, alikuwa anakimbilia zamu. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

“Asipokunywa kitu leo, jioni kaka anakuja kumchukua. Na ukoo wote utajua kwa nini.”

“Mke wangu, ukirudi utamkuta anaruka kamba.”

“Asiruke. Anywe tu.”

Tumpe haki yake: alianza vizuri. Aliisugua mifupa kwa brashi (mpya, aliapa), akaitia sufuriani na maji, kitunguu, tangawizi na chumvi kidogo, akapunguza moto. Akainamisha sikio, anasikiliza sufuria inavyonguruma. Povu likipanda, analiengua kwa kijiko. Taratibu harufu ikatoka jikoni ikafika sebuleni, na mama mkwe akafumbua jicho moja. Spana aliliona lile jicho. Kichwa chake kikavimba kulishinda shavu la mgonjwa.

Ikabaki kuchuja.

Sasa, mikono ya fundi ikishazoea jambo haiombi ruhusa kichwani. Gerejini, oili iliyokwisha kazi inamwagwa; vyuma ndivyo vinavyotunzwa. Spana akashika chujio juu ya sinki, akainamisha sufuria, akamimina. Supu yote, rangi ya dhahabu, ikateremka bombani ikiimba. Yeye akabaki na mifupa safi, inameremeta, kila kipande tayari kufungwa upya.

Akatabasamu. Kisha tabasamu likazimika. Akachungulia tundu la sinki kama anayetafuta skrubu iliyodondoka.

“Nini kimemwagika huko?” Sauti ilitoka kwenye kochi, imepita katikati ya pamba ya mdomoni.

“Maji tu, mama.”

“Maji hayanukii tangawizi, baba.”

Mkono wa Spana ulishafika kwenye birika: achemshe maji, atie chumvi, apeleke, nani atajua? Akalikumbuka lile jicho. Akaenda sebuleni na chujio lake, mifupa imo, akasimama kama mtuhumiwa na kidhibiti.

Mama mkwe alitazama mifupa. Akamtazama mkwewe.

“Umemwaga supu, ukaniwekea mifupa. Mimi! Niliyetoka kung'olewa meno!”

Kisha akashika shavu, mabega yakaanza kutikisika. “Toka mbele yangu, usinichekeshe, nyuzi zitafumuka! Irudishe motoni. Bado ina kitu.”

Safari hii mama mkwe alisogeza kiti mpaka mlango wa jikoni, akasimamia mwenyewe. Saa ya kuchuja ilipofika, nyumba nzima haikuwa na chombo cha kutosha kukinga. Wakakinga kwa beseni la kufulia, baada ya mama kuagiza lisuguliwe, lirudiwe, lirudiwe tena.

Alikunywa kwa kikombe, funda dogo dogo, macho kayafumba. Spana akabana pumzi, kama siku mwenye gari anapowasha kwa mara ya kwanza.

“Vipi, mama?”

“Nyepesi.” Akapiga funda jingine. “Nyepesi, lakini inashuka. Ongeza.”

Nje, honi ikalia. Shemeji amefika.

“Kamwambie arudi,” mama mkwe alisema, kikombe mkononi. “Siwezi kuondoka. Kuna mtu hapa hajamaliza mafunzo. Na wewe, kesho, kabla hujanunua mfupa, nunua bakuli.”

Bakuli la plastiki, linaloenea chini ya chujio, ni shilingi elfu mbili tu.