Gari Jeusi na Mbuzi wa Jirani

Mtu akiniuliza kwa nini mwanamke anayeuza vitenge alinunua gari la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba kuku wa Misiera wanalitazama kwa dharau, huwa namjibu ukweli: nilitaka kujua. Utotoni kwetu Kivu ya Kusini, kwenye ukuta wa kinyozi, kulikuwa na picha ya gari la mashindano iliyokatwa katika gazeti la Kifaransa. Kaka zangu walipokuwa wakinyolewa, mimi nilikuwa nikijiuliza dereva wa gari lile anaweka wapi miguu. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa meno mjini Mbarara alikuwa anatafuta mtu wa kumwondolea gari lake la Kijapani, jeusi, la zamani lakini linang'aa, maana mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika kila anapoingia na kutoka. Nikaenda kuliona tu. Nikarudi nalo.

Miguu, kumbe, unainyoosha mbele kama uko kitandani.

Siku za kazi nauza vitenge Mbarara na kulala katika chumba cha kupanga. Ijumaa jioni narudi Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, kwenye nyumba yangu ya Misiera, ambayo imepakana na ya mwanamke mmoja Mrundi aliyenizidi miaka kama kumi. Namwita yaya, yaani dada mkubwa, kama tunavyosema sisi Wakongomani wa mashariki. Kati yetu hakuna ua. Asubuhi alikuwa akija kuchukua kaa la moto kwangu, nami nikienda kwake kuomba chumvi, na hakuna aliyebisha hodi.

Lazima nieleze jinsi tulivyojuana, kwa sababu bila hilo mengine hayana maana. Siku niliyopewa kiwanja mvua ilikuwa inanyesha, na maturubai ya wageni yalikuwa yamekwisha. Yeye alikuwa ametangulia kufika, na kibanda chake kilikuwa tayari kimesimama. Alinitazama nimekaa juu ya begi langu, akaingia ndani, akatoka na wembe, akaanza kulikata turubai lake katikati. Sikumwomba. Hata jina langu alikuwa halijui. Chini ya nusu ile nililala miezi mingi, na nilipojenga nyumba ya matofali nililikunja nikalichomeka juu ya boriti, chini ya bati. Mtu aliyewahi kukimbia hatupi bashi, ndivyo tunavyoliita turubai kwetu.

Gari lilipofika, nikalishusha bashi lile. Nani angeacha kitu cheusi kinachong'aa kikae wazi kwenye vumbi jekundu la Nakivale? Kila Ijumaa nililifunika gari, nikalikaza bashi kwa kamba na mawe manne, nikaingia ndani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Wiki ya tatu nilifunua nikakuta mikwaruzo. Haikuwa mmoja wala miwili. Ilikuwa myembamba, mingi, imejikunja juu ya boneti na kushuka ubavuni, na ilionekana jua likiipiga kwa mshazari. Ukisogea kidogo inapotea, ukirudi ipo. Sitajifanya mtu mzima hapa: nililia. Kisha nikafuta machozi, nikaanza kujiuliza nani.

Yaya alikuwa na mbuzi jike mmoja, mweupe, mwenye masikio ya kahawia, na mbuzi yule alikuwa na tabia ya kupanda juu ya vitu. Alipanda magogo, alipanda kichuguu, siku moja alionekana juu ya kiti cha mchungaji katikati ya ibada. Jumamosi iliyofuata nilimkuta anatafuna kamba ya bashi langu. Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha.

Kama ningemfuata yaya nyumbani kwake, labda yangekuwa mengine. Lakini nilimkuta bombani, kwenye foleni, na hasira zangu hazijui kusubiri.

"Yaya, ile mbuzi yako inaharibu motokari yangu," nikamwambia. "Imeikwaruza fasi mingi."

Akaweka chini dumu lake. "Uliiona?"

"Nilikuta inakula kamba."

"Kamba, sawa. Juu ya gari uliiona?"

Wanawake wote wa foleni walikuwa wamegeuka kututazama. Mtu asiye na jibu mbele ya watu hutafuta jiwe. Nikasema, "Kama ungekuwaka na kitu ya bei, ungejua kuichunga."

Yaya aliinua dumu lake. Alingoja zamu yake, akajaza dumu, akaondoka. Ijumaa iliyofuata mbuzi hakuwepo. Nilisikia amepelekwa Rugaaga, kwa mama mmoja mkulima ambaye yaya huenda kumlimia migomba.

Tangu hapo hakuja tena kuchukua kaa la moto. Nikimsalimu aliitika, tena vizuri sana, kwa sauti ile anayomjibia mtu wa ofisini. Hilo lilinikera kuliko matusi. Nilijiambia kwamba atapoa, lakini wiki zilipita na nikaanza kuogopa kwamba nimempoteza, nami hapa ugenini sina dada mwingine.

Kilichonishangaza ni gari. Mbuzi yuko Rugaaga, na mikwaruzo inaongezeka.

Hapo udadisi wangu wa zamani uliamka. Ijumaa moja, kabla giza halijaingia, nilimwaga majivu kuzunguka gari lote, kama watu wanavyofanya wanapotaka kujua mwizi anaingilia wapi. Asubuhi nikayasoma majivu yale huku nimepiga magoti. Kulikuwa na nyayo za kuku mmoja zilizopita mbali, na za kwangu mwenyewe. Nikafunua bashi. Juu ya taa ya kushoto kulikuwa na mikwaruzo mipya, na nilikuwa na hakika, kwa sababu sehemu ile nilikuwa nimeikagua jana yake kwa kidole. Nilisimama pale chai ikipoa mkononi. Ni kitu gani kinachokwaruza na hakina miguu?

Jumatatu nikalipeleka gari kwa fundi wa rangi Mbarara, mzee wa Kinyankole mwenye ovaroli yenye rangi za magari yote ya mji. Nikamsimulia habari za mbuzi. Akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia kugusa boneti, akatazama kwa jicho moja.

"Nyabo, mama, hii mbuzi hapana," akasema. "Mbuzi iko na kwato. Ikiteleza, inaanza na nguvu, inaingia ndani, halafu inapotea polepole. Mstari moja tu. Lakini hii yako iko sawasawa, mwanzo mpaka mwisho. Hii kitu iko nasugua."

"Inasugua na nini?"

"Wewe nafunika gari na nini?"

Nikamwambia. Alichota vumbi kidogo chini, akalinyunyiza juu ya mlango mkuukuu wa gari uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaweka kipande cha nailoni juu yake na kukitikisa mara chache, polepole, kwa mkono mwepesi. Akakiondoa, akapangusa. Mikwaruzo ilikuwa pale, myembamba, imejikunja, ndugu kabisa wa ile yangu.

Sikutaka kuamini jaribio lile la gereji. Jumamosi ile nililifunika gari kama kawaida, nikatoa kigoda, nikakaa kulitazama. Asubuhi kulikuwa kimya. Kama saa nne hivi upepo ukaanza kutoka upande wa ziwa. Bashi likajaa, likanyanyuka kidogo, likashuka. Likajaa tena. Lilikuwa likipumua juu ya gari langu, na kila pumzi ililivuta vumbi huku na huku. Nikasogea kutazama pale ubavuni penye mikwaruzo mirefu zaidi. Pindo lililokuwa likigonga pale halikuwa na mshono. Lilikuwa limekatwa kwa mkono, limepinda kidogo katikati, mahali ambapo siku ile ya mvua wembe ulikwama.

Nikarudi kukaa. Gari sikulifikiria tena. Nilifikiria nilichosema bombani, na uso ukaniwaka kwa aibu ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nilimkuta yaya amekaa mlangoni kwake, anachambua maharage kwenye ungo. Sikungoja anikaribishe.

"Yaya, haikuwa mbuzi."

"Ilikuwa nini?"

"Bashi."

"Bashi gani?"

"Ile yako. Ile ulinikatiaka."

Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Basi ni mimi," akasema. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Unisamehe. Nilisema mubaya mbele ya batu."

"Gari si shida," akasema. "Mbuzi pia si shida. Ulisema sina kitu ya bei." Sasa aliinua macho. "Mimi nilikukatia nusu ya nyumba yangu. Nilikuwa na nini ingine?"

Nikachuchumaa kando ya ungo, nikaanza kuchambua naye. Tulikaa hivyo mpaka maharage yakaisha.

"Twende Rugaaga tuchukue mbuzi," nikasema.

"Na nini?"

Nikaonyesha gari kwa kidevu.

"Ile?"

"Ile."

"Itanya mule ndani."

"Inye."

Nililivua gari bashi, nikalikunja, nikalirudisha juu ya boriti, na huko ndiko liliko mpaka leo. Nilipomfungulia mlango, yaya hakuingia mara moja. Aliinama, akachungulia ndani kwa makini, akauliza, "Na miguu, nitaiweka wapi?" Ningeweza kumkumbatia kwa swali lile. Nilimwonyesha. Akainyoosha mbele, akaitazama, akatikisa vidole, akasema hii ni kulala, si kusafiri.

Njia ya Rugaaga haikutengenezewa gari kama langu. Mawe yaligonga tumbo lake, nami kila mara nilifumba jicho moja. Tulikutana na kundi la ng'ombe wa Kinyankole, pembe zao zimetanda barabara nzima, tukazima injini kuwapisha. Kutoka pale chini tuliyaona matumbo yao na viwele, na juu kabisa ncha za pembe zikipita karibu na kioo. Nilishika usukani kwa nguvu. Yaya alikuwa akizihesabu kwa Kirundi, anafurahi kama mtoto, na nikaona kwamba nisipoangalia nitaikosa safari hii yote kwa kuogopa rangi.

Mbuzi alitukataa. Ilibidi tukunje kiti cha mbele, mimi nimvute, yaya na yule mama mkulima wamsukume, mpaka akaingia nyuma kwenye magunia niliyotandika. Njiani alilia karibu na sikio langu bila kupumzika. Na alikunya, kama ilivyotabiriwa.

Tulipofika Misiera, yaya alifungua mlango, akakunja kiti. Mbuzi alipoona nyumbani kwao aliruka kabla hajashikwa, na mguu wa nyuma ukateleza kwenye mlango. Sauti ile niliisikia mpaka kwenye meno.

Yaya alimshika mbuzi pembe. Wote wawili tukainama kutazama. Ulikuwa mstari mmoja. Ulianza kwa nguvu, ukaingia ndani mpaka kwenye chuma, halafu ukapotea polepole, kama fundi alivyosema. Yaya akapitisha kidole juu yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bombani nikauona mwanya kati ya meno yake.

"Sasa," akasema, "enda useme ni yeye."

Nikaenda. Jua lilikuwa linashuka na wanawake walikuwa kwenye foleni na madumu yao, karibu wote wale wale. Nikawaambia kwamba mlangoni kuna mkwaruzo mmoja, huo ni wa mbuzi. Mingine yote ni yangu.